Kabla ya kumpa mgonjwa dawa ya kusafisha tumbo, muulize anakaa wapi

Wadogo zangu mnaoanza kazi chumba cha endoskopi, karibuni. Mambo ya mashine mtafundishwa. Mimi nataka tuzungumzie dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kolonoskopi, yaani kipimo cha utumbo mpana kwa kamera, maana hata kamera iwe nzuri namna gani, haioni chini ya kinyesi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpa baba mmoja wa Mbagala PEG, dawa ya unga inayochanganywa na maji, ya lita 4, anywe nusu jioni na nusu alfajiri. Nikamsomea karatasi, akaitikia kila neno. Siku ya kipimo, upande wa kulia wa utumbo mpana ulikuwa umefunikwa na uchafu mzito, daktari akasitisha. Nilipomuuliza taratibu akaniambia, "Sista, ile ya alfajiri sikuinywa. Ningepandaje daladala?" Alisema kweli. Sikuwa nimemuuliza anakaa wapi wala atakuja na nini. Akarudia yote, njaa, nauli na ile chumvichumvi, kwa uzembe wangu.

Ile nusu ya pili ndiyo yenye kazi kubwa. Usiku utumbo mdogo unaendelea kushusha majimaji na nyongo, yanagandia upande wa kulia, na huko ndiko vinyama bapa vinavyoota ndani ya utumbo vinakojificha. Kwa hiyo nusu inanywewa jioni, nusu ianze saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, na iwe imekwisha angalau saa 2 kabla. Anayetoka mbali kama Chanika au Mbagala usimpangie saa tatu asubuhi. Mpe saa saba mchana: aanze kunywa saa moja, amalize saa mbili na nusu, tumbo litulie ndipo atoke. Mshauri avae nepi ya watu wazima njiani, na umwambie kwa heshima, mkiwa wawili tu.

Sasa dawa zenyewe. PEG hainyonywi mwilini, inapita na maji yake, ndiyo maana madaktari huipendelea kwa wenye figo au moyo dhaifu. Shida yake ni wingi: lita 4 ni glasi 16. Iwekwe kwenye friji, anywe glasi moja kila dakika 10 hadi 15, asitie sukari wala juisi ndani. Ipo pia ya lita 2 yenye vitamini C, na wengi huimaliza bila kutapika.

Pikosalfeti yenye magnesiamu ni pakiti mbili ndogo tu, na wagonjwa wanaipenda. Lakini inavuta maji kutoka mwilini, na kwa joto la Dar mzee anaweza kuanguka chooni. Asinywe maji matupu peke yake. Achanganye na supu iliyochujwa, chai ya rangi yenye sukari, au ORS. Mwenye figo mbovu asipewe, magnesiamu itamjaa. Dafu nalo lina potasiamu nyingi, kwa huyo huyo msilipendekeze.

Fosfeti ya sodiamu ya kunywa iliharibu figo za watu, hadi Marekani ikatoa onyo kali mwaka 2008. Manitoli, dawa nyingine ya kusafisha tumbo, huchachushwa na bakteria tumboni na kutoa gesi inayoweza kulipuka daktari anapokata kinyama kwa umeme. Mgonjwa akifika na dawa aliyojinunulia, isome kwanza.

Chakula kinaharibu kazi kuliko mnavyodhani. Siku mbili tatu kabla: wali mweupe, mkate mweupe, samaki, mayai. Aache mchicha, kisamvu, maharage, kande, karanga, mapera na pasheni. Siku ya mwisho ni vinywaji vinavyopitisha mwanga tu; uji haumo, na juisi ya choya inaweza kudhaniwa damu. Waulizeni hasa akina mama kuhusu vidonge vya kuongeza damu. Wengi wameletwa kwetu kwa upungufu wa damu, wanavimeza kila siku, navyo hufanya choo kiwe cheusi na chenye kunata. Viachwe kama wiki moja kabla. Wa sukari na wa dawa za kuzuia damu kuganda, mpelekeni kwa daktari kwanza, msiwapangie wenyewe.

Asubuhi ya kipimo mgonjwa akikwambia ameenda chooni mara kumi, usitulie. Muulize rangi. Ikiwa ni maji ya njano yanayopitisha mwanga, yuko tayari. Ikiwa bado ni ya kahawia yenye vipande, mwambie daktari kabla mgonjwa hajabadilisha nguo, maana saa hiyo bado anaweza kuongezewa dawa na kusogezwa hadi mchana.