Jibu: Gramafoni ya babu ni 101 au 102?

Ndugu, kwa kuwa umesema gramafoni ya begi aliyoiacha marehemu babu yako hapo Moshi ni ya HMV (kampuni ya Kiingereza, His Master's Voice) na mpini wake wa kujazia springi huingia kwa mbele, naiona kuwa ni modeli ya 101 ya miaka ya mwanzo. Modeli hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1925, na tundu la mpini lilihamishiwa ubavuni baadaye. 102, iliyoifuata mwaka 1931, hujaziwa ubavuni tu.

Kichwa cha sauti, yaani kile kinachoshika sindano, nacho husaidia: cha 101 ni Namba 4, chenye kiwambo (utando mwembamba unaotetemeka na kutoa sauti) cha ulanga kinachopenyeza mwanga, ilhali cha 102 kina kiwambo cha alumini chenye mikunjo. Hata hivyo, usikitegemee peke yake, kwa sababu vichwa hivi huchomolewa kwa urahisi na mafundi wengi wamekuwa wakivibadilishana. Sanduku, lenye tundu la mpini, ndilo shahidi wa kuaminika zaidi. Rangi yake isikusumbue, kwani nyeusi ndiyo iliyozagaa. Tafadhali usilipake sanduku rangi upya wala usiung'arishe mpini, maana ukongwe huo ni sehemu ya thamani yake.