Mafuta ghafi yakisafishwa, uchafu wake huenda wapi?

SWALI: Mhandisi, nasikia petroli, dizeli, mafuta ya taa na lami vyote hutoka kwenye mafuta ghafi. Yanaposafishwa, uchafu wake hutupwa wapi? Na kwa nini kiwanda kisitoe petroli tu?

JIBU: Neno "kusafisha" ndilo lililokuchanganya, na si wewe peke yako. Uchafu hasa wa mafuta ghafi ni kidogo: maji, mchanga na chumvi. Huondolewa mwanzoni kabisa, kwa kuyaosha mafuta kwa maji na kuyatenga tena kwa nguvu ya umeme. Hatufanyi mzaha na chumvi. Ikipata moto hutoa asidi inayokula mabomba. Kazi inayofuata si kusafisha tena, ni kuchambua.

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa molekuli za kaboni na haidrojeni, fupi kwa ndefu. Zilizo fupi huchemka upesi, ndefu hutaka moto mkali. Basi mafuta hupashwa kwenye tanuri hadi nyuzi 350 hivi za Selsiasi, kisha huingizwa chini ya mnara mrefu. Mvuke hupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopoa. Kila aina ikifika kwenye joto lake hurudi kuwa kimiminika na kukingwa kwenye sinia. Dizeli hukingwa chini, mafuta ya taa juu yake (ya ndege ni ndugu yake wa tumbo moja, ila masharti yake ni makali zaidi), halafu nafta (mafuta mepesi yanayotengenezewa petroli), na gesi ya kupikia hutokea kileleni.

Yasiyochemka hubaki chini, meusi na mazito. Hatuyaongezei moto, maana yatavunjika ovyo na kuacha makaa ndani ya mabomba. Hupelekwa kwenye mnara wa pili ulionyonywa hewa, ambamo huchemka kwa joto la chini zaidi. Kinachobaki huko ndicho kinachotengenezewa lami.

Sasa petroli. Mnara hauumbi kitu, hutoa kilichokuwemo tu, na mafuta ghafi mazito yana nafta kidogo. Tena nafta yenyewe ukiitia kwenye injini ya petroli itagonga, yaani itajilipukia ovyo kabla ya wakati wake; lazima kwanza ipitishwe kwenye kichocheo (kitu kinachoharakisha mabadiliko bila chenyewe kuisha) chenye platini ili ipande oktani, yaani uwezo wa kutogonga.

Ili kupata petroli zaidi, tunavunja molekuli ndefu. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote kiwandani. Mvuke wa mafuta mazito hukutanishwa na unga laini wa kichocheo, kwenye joto linalozidi nyuzi 500. Unga huo ukipulizwa hutiririka kama maji. Sekunde chache tu, molekuli zimekatika na unga umekuwa mweusi kwa kaboni. Huhamishiwa chombo cha jirani, kaboni ichomwe kwa hewa, kisha unga urudi ukiwa na joto la kuvunjia mafuta mengine. Mzunguko huo haukomi usiku wala mchana.

Lakini kila unapovunja unapata petroli pamoja na gesi na mafuta mengine usiyoyaomba. Unaweza kuongeza fungu la petroli, na viwanda hufanya hivyo. Kuifanya iwe peke yake ni gharama isiyolipa, na malori na ndege nazo zinasubiri zamu yao. Sehemu ya nafta na gesi hupashwa na mvuke wa maji hadi nyuzi 800 na zaidi, ikatoa ethilini, mama wa plastiki nyingi.

Nikurudishe kwenye uchafu. Upo mmoja uliojificha ndani ya molekuli zenyewe: salfa. Tunaing'oa kwa haidrojeni, ikawa gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo huua, na ikizidi hulemaza pua usiinuse tena, ndiyo maana tunavaa kifuani kifaa kinachopiga king'ora. Kisha hugeuzwa kuwa salfa ya manjano, nayo haitupwi: wanaotengeneza asidi ya salfa kwa ajili ya mbolea huinunua.