Re: Chuo cha nje kinataka kufanya utafiti emajensi yetu Lindi, tusaini Ijumaa?

USISAINI.

Mkuu hapo uliposema "mratibu kasema tusaini tu, mambo ya data yatafuata" umenipandisha presha, na kipimo cha presha nilichonacho ni cha mradi, betri ilishakufa.

Umeuliza triaji (kupanga nani ahudumiwe kwanza) ya mfumo gani, wakusanya data walipweje, na kama manesi waache daftari wajaze tableti tu ili wasifanye kazi mara mbili. Hilo la daftari ndo limenifanya niingie jukwaani saa hizi.

Mimi nilikuwa inchaji wa emajensi hospitali moja huku Mtwara, jina silitaji. Wakaja watu wa chuo cha nje na mratibu wao Mtanzania mwenzetu, kijana kanyoosha shati, kitambulisho shingoni hata akienda kula pweza feri. Kila akifungua mdomo "sisi ni familia moja". Nikamuuliza hizi data sisi tutazionaje, akajibu "inchaji ondoa shaka, zipo kwenye seva, hazipotei". Kweli hazikupotea, tuliopotea ni sisi.

Fomu yenyewe sasa. Usiku nesi yuko peke yake, bodaboda kavaana na fuso njia ya Masasi, mkono mmoja kakandamiza jeraha, wa pili anahangaika na tableti imegoma kusonga mbele kisa hajajaza kiwango cha elimu cha majeruhi, kuna kanyota kekundu pale hakatoki. Mtu kaanguka mnazi, kwenye orodha ya "ameanguka kutoka wapi" kuna ngazi, kuna paa, kuna kitanda, mnazi hakuna! Mtwara hii! Wakawa wanabonyeza "nyingine" maisha yanaendelea. Wakilalamika kazi imezidi, yule mratibu ndo akaja na busara zake kwamba daftari la nini wakati tableti ipo, na mimi nikaitikia ndiyo. Kitabu cha MTUHA, lile daftari la serikali la kuandikia wagonjwa, kikageuka kisahani cha kikombe cha chai.

Mradi ukaisha, paswedi zikafungwa. Tableti walituachia na picha tukapigwa.

Ikafika kupanga bajeti, tunaomba nesi wa pili wa usiku na oksijeni ya uhakika, wakubwa wanauliza swali la haki kabisa, wangapi waliingia, wangapi walifariki ndani ya masaa 24. Nafungua daftari, jeupe. Nikawaandikia jamaa, mwanzo wakajibu subirini uchambuzi, baadaye andikeni kwa bodi ya maadili ya chuo, baadaye kimyaaa. Ombi likarudi na nesi wa usiku akabaki yuleyule mmoja. Halafu akaja mama mmoja, mwanae alifia kwetu baada ya ajali, bima wanataka ijulikane alifikishwa saa ngapi na alikuwa na hali gani. Kwenye faili mna PF3 ya polisi na karatasi ya dripu basi, mengine yote yalijazwa kwenye tableti. Nimwambie nini, kwamba saa ya mwanae iko Ulaya? Na makala ilipotoka, kuisoma natakiwa nilipie dola. Wagonjwa wangu hao!

Msije mkasema nachukia utafiti. Ule wa FEAST uliotoka 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wana homa kali na damu haizunguki vizuri, mafunzo yote yalisema mtoto wa hivyo mmiminie dripu ya haraka, kumbe waliomiminiwa ndo walikufa zaidi, kama 10 na nusu kwa 100 ndani ya masaa 48, wasiomiminiwa 7 na kidogo. Hilo lisingejulikana kwa kukaa London. Na emajensi ya Muhimbili ilianza 2010 kwa hela ya Abbott Fund, leo mabingwa wa dharura wanasomeshwa palepale. Pale kuna kitu kilibaki.

Kwa hiyo wewe fanya hivi. Kabla ya saini yoyote waingize wagonjwa wa kutunga kwenye tableti, kisha faili lishuke kwenye kompyuta ya hospitali na mtu wenu wa takwimu alifungue mwenyewe, bila intaneti, bila paswedi ya mtu. Likifunguka, iandikwe kwenye mkataba kwamba kila wiki linashuka hivyohivyo. Na daftari HALIACHWI, kama wanaona ni kazi mara mbili waajiri wa kujaza, maana hela ya mafuta ya Land Cruiser kwenda kuogelea Msimbati kila Jumapili huwa hawakosi.

Akikwambia vibali vinachelewesha mwambie tunasubiri. Kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), mgeni na kibali chake cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), mkataba wa kuhamisha data, na tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, taarifa za mgonjwa hazivuki mpaka kienyeji tu.

Halafu kitu kingine aisee, makubaliano ya hospitali yanasainiwa na mganga mfawidhi na wakubwa wake, wewe ni inchaji tu kama nilivyokuwa mimi. Sasa huyo mratibu anakufuata wewe kwanini? Muulize, alafu lete jibu hapahapa.