Virusi vya kale na ugonjwa wa kaka yako
Pole sana, dada. Umeuliza kama skizofrenia (ugonjwa wa akili) ya kaka yako imeletwa na "virusi vya kale", na kama watoto wanaoishi naye wataambukizwa. Hawaambukizwi kabisa. Takriban asilimia 8 ya jenomu (jumla ya vinasaba) ya kila binadamu ni mabaki ya virusi vilivyowaingia mababu zetu zamani mno. Mengine yana faida: protini ya sinsitini, inayosaidia kujenga kondo la nyuma, imetoka huko. Mwaka 2024 watafiti wa King's College London walihusisha baadhi ya mabaki hayo na skizofrenia, sonona na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), lakini kama kichangiaji kimoja kati ya vingi. Tafadhali msimpe ARV (dawa za VVU) za mtu mwingine, wala asiache dawa alizoandikiwa; zikimsumbua, mrudisheni kliniki.