Kisarawanda kilitoka cheupe

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Nina wiki 3 tangu niolewe. Sikumjua mwanamume kabla ya mume wangu, lakini kisarawanda, kile kitambaa cheupe cha kutandika usiku wa harusi ili kionyeshe damu ya ubikira, kilitoka cheupe. Somo, mwanamke aliyenifunda, alikikunja bila kusema neno. Sasa mama mkwe ananipa salamu za mdomoni tu, na mume anataka nikapimwe. Niende?
Bi Harusi, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiende. Kipimo hicho hakipo. Nimezalisha miaka 31 na hata mimi siwezi kumtazama mtu nikajua. Kizinda si ngozi ya ngoma iliyowambwa ikisubiri kutobolewa. Ni utando laini unaozunguka mlango wa uke, wenye uwazi. Hedhi ingepita wapi? Kwa mmoja una umbo la mwezi mwandamo, kwa mwingine kama pete, na kwa wengi hunyumbuka tu bila tone la damu. Kilichoziba kabisa ni maradhi: niliwahi kumpokea binti aliyeumwa tumbo kila mwezi bila kuona siku zake, ndugu wakidhani ana mimba. Daktari alimpasua kidogo, yakaisha.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kila mahali.

Mtume somo yako kwa mama mkwe, usiende mwenyewe. Mumeo mlete kliniki amuulize mkunga. Bibi yangu alikuwa kungwi, na alininong'oneza kwamba kuku wa fungate hakuchinjwa kwa ajili ya mchuzi pekee.