Barua ya Verdi kwa Ghislanzoni: ni mkono au ni mashine?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Niko Milano. Nimenunua sokoni, kwa muuza vitu vya kale, barua ya Giuseppe Verdi, yule mtunzi wa muziki wa Italia, kwa Antonio Ghislanzoni kuhusu opera (mchezo wa kuimbwa jukwaani) yake ya Aida, ya tarehe 17 Agosti 1870. Nimeilinganisha na iliyochapishwa kitabuni, inafanana neno kwa neno. Je, ni ya kweli? Nataka kuilaminisha kabla sijaenda nayo Dar.

JIBU: Marahaba. La kulaminisha liache kabisa. Plastiki ikishagandishwa kwa joto, kuibandua bila kuiumiza karatasi ni kazi ngumu mno.

Huko kufanana kusikufurahishe mapema. Barua hiyo inajulikana sana: ndimo Verdi anamwambia Ghislanzoni, aliyekuwa akimtungia mashairi ya Aida, kwamba tukio la jukwaani likidai, yeye Verdi yuko tayari kutupa vina, mizani na beti ili jambo lisemwe wazi. Barua zake nyingi zilichapishwa Milano mwaka 1913, kwa hiyo mwenye kitabu hakosi cha kunakili. Na barua maarufu ndizo zinazopigwa picha na kuchapwa kwa ukumbusho. Mimi ningeanza na imani zaidi kwa kijibarua cha kugombania malipo ambacho hakuna aliyewahi kukichapa.

Tafuta lenzi ya kukuza mara kumi, ukae dirishani. Ukiona vidoti vilivyojipanga safu, ni chapa ya mashine, hapo hakuna mjadala. Zipo chapa nzuri zaidi zisizo na vidoti. Hizo utaona wino umekatika vipande vidogo vidogo kama tope lililokauka. Mwandiko wa kweli hauko hivyo. Kalamu ya kuchovya ina ncha iliyopasuka katikati: mkono ukikandamiza, ncha inaachana na kuacha mistari miwili myeusi pembeni mwa kila mchoro wa kalamu. Kisha wino unapauka kidogo kidogo hadi mwandishi anapochovya tena, neno linalofuata linakuja jeusi ghafla. Fuatisha mistari mitatu minne. Weusi ukiwa sawa mwanzo hadi mwisho, tilia shaka.

Wino uliotumika sana zama zile ulitengenezwa kwa tanini, yaani kemikali itokayo kwenye mimea, na chumvi ya chuma. Huzama kwenye nyuzi za karatasi, hugeuka kahawia kadiri miaka inavyopita, na penye wino mwingi huweza kuonekana hadi upande wa pili. Geuza karatasi uangalie.

Halafu imulike gizani kwa ile taa ya kukagulia noti bandia. Karatasi iking'aa buluu-nyeupe, ina dawa za kung'arisha zilizoenea viwandani karibu na mwaka 1950, na Verdi alifariki 1901. Isipong'aa, bado hujashinda: waghushi hununua karatasi tupu za zamani.

Ikipita hapo, piga picha pande zote mbili, rula ikiwa kando, na nyingine kwa mwanga wa kutoka ubavuni, uulize taasisi ya taifa ya utafiti wa Verdi iliyoko Parma. Wao wanaujua mkono wake. Verdi alikuwa na madaftari ya kuandikia rasimu za barua, hivyo hata karatasi yenye mwandiko wake kweli inaweza isiwe ile aliyopokea Ghislanzoni.

Ya Dar yasubiri. Ikithibitika ni ya mkono wake, sheria ya Italia hairuhusu maandishi ya namna hiyo kutoka nchini bila kibali. Kwa sasa itie kwenye jalada la karatasi isiyo na asidi, mbali na jua, na risiti ya muuzaji uitunze.