Re: Daktari kaacha uozo ndani ya jino akaziba juu, nimeibiwa?

Mkuu, hujaibiwa. Mimi nilifanyiwa hivyohivyo hapa Tanga mwaka 2019, jino limekwanguliwa nusu, uozo umeachwa chini, nikatoka na hasira kama zako.

Lilikuwa gego la chini kulia. Mimi ni mtu wa baraza, Ngamiani, na kahawa siinywi bila kashata. Gego likatoboka. Maji ya baridi yakiligusa, mtu mzima naruka. Baridi ikiisha, na maumivu yanaisha. Hilo la kuisha lishike, nitalirudia.

Daktari alinichorea nyuma ya kadi. Enameli, ile ngumu ya juu, haina seli hai. Seli zilizoijenga zilishaondoka jino lilipochomoza, kwa hiyo ikitoboka imetoboka. Chini yake ni dentini, na hiyo ina wenyewe. Kwenye ukuta wa kiini cha jino, ile nyama laini ya katikati yenye neva na damu, wamejipanga mafundi wadogo sana, seli ziitwazo odontoblasti, kila mmoja kaingiza mkono kwenye kijibomba chembamba kinachopenya dentini. Asidi ya bakteria ikiyeyusha dentini, inafungulia protini zilizofungiwa humo tangu jino linajengwa, nazo zinawashtua mafundi. Wanaanza kuongeza dentini mpya upande wa ndani, huku vijibomba vikijaa madini. Shambulio likiwa kali hadi mafundi wenyewe wakafa, kiini kinatoa seli za akiba zishike kazi. Hao ni vibarua: dentini yao haina mpangilio, vijibomba vichache, vingine vimepinda. Lakini inaziba, na mimi sijali urembo wa mahali nisipopaona.

Shida ni kasi. Dentini hiyo huongezeka kama maikroni moja na nusu kwa siku (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yaani milimita moja tu inakaribia miaka miwili. Bakteria wanaoletewa kashata kila jioni hawawezi kukusubiri miaka miwili. Ndipo nilipoelewa kwa nini aliacha ule uozo wa karibu na kiini. Angeukwangua wote, angekitoboa kiini chenyewe. Akaweka dawa ya kalisiamu haidroksaidi, akaziba juu bila kuacha upenyo. Bakteria waliofungiwa humo wakakosa sukari, mafundi wakapata nafasi.

Baada ya miezi 8 alifungua. Pale palipokuwa laini na pa njano pamekauka, pamekuwa pagumu, rangi ya kahawia iliyokolea. Akamalizia, akaziba moja kwa moja, na gego ninalo hadi leo. (Siku hizi madaktari wengi hawafungui tena, wanaziba mara moja na kufuatilia. Kwa hiyo usishangae kama wako hajakutajia kufungua.)

Sasa wale waliokuandikia hapo juu kwamba "jino linajitibu lenyewe, weka karafuu uache", siwaungi mkono. Binamu yangu wa Pangani lake lilimuuma vingine: chai ya moto ndiyo iliyomtesa, na usiku jino lilimpiga kama ngoma hata hakuna kilicholigusa. Akaweka karafuu wiki nzima. Siku moja likanyamaza, akatangaza amepona. Kumbe kiini kimekufa, na mafundi wote wamekufa nacho. Hapo hakuna wa kujenga dentini tena. Miezi michache baadaye shavu likavimba, jicho nusu limefumba, likang'olewa. Angewahi, pengine angesafishwa mizizi akabaki na jino lake.

Wewe umesema lako lilikuwa linashtuka kwa baridi tu, sekunde chache, na hujawahi kuamka nalo usiku. Basi daktari wako kaona kiini bado kizima, akakipa muda. Rudi tarehe aliyokupa. Kile alichozibia kikimeguka au kikianza kucheza kabla ya hapo, usingoje tarehe, nenda siku hiyohiyo, maana sukari ikishapenya chini yake bakteria wanaamka na ile kazi yote ya ndani inaanza kuliwa upya.